Kunasa si kuua: jinsi ya kutumia vitu vyenye vinyweleo dhidi ya kemikali hatari

Chukua kijiko kimoja cha chakula cha punje za mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa kwa namna ya kufungua matundu yake ya ndani, zimwage kwenye glasi ya maji, kisha sogeza sikio. Utasikia sauti nyembamba ya kuchemka, ilhali maji ni ya baridi. Viputo vidogo mno vitapanda mfululizo kwa dakika kadhaa. Hiyo ni hewa iliyokuwa imelala ndani ya vinyweleo vya mkaa, yaani vitundu vyake vidogo mno. Sasa maji yanaingia na kuifukuza. Kila kijana anayeletwa kwangu kujifunza kazi huanzia hapo, kabla sijampa glavu.

Nimetunza stoo ya kemikali kwa miaka 19. Nimesafisha asidi, viyeyusho na zebaki sakafuni mara nyingi hata nimeacha kuhesabu. Kosa ninaloliona likirudiwa, na wenye elimu kubwa kama wasio nayo, ni hili: mtu anamwaga unga au udongo juu ya sumu, sumu haionekani tena, naye anadhani kazi imekwisha. Kumbe sumu imenaswa tu. Iko hai mle ndani, na njia ya kutokea inaijua. Nataka ukimaliza kusoma hapa uweze kujiuliza kila mara: hii nimeinasa, au nimeiua? Na jibu likuambie la kufanya baada ya hapo.

Vyumba na barabara

Gramu moja ya mkaa amilifu mzuri ina eneo la ndani la takriban mita za mraba 1,000. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 una mita za mraba 7,140. Kwa hiyo kile kijiko ulichomwaga kwenye glasi, chenye gramu kama 7, kimebeba uwanja mzima uliokunjwakunjwa. Kuta hizo ndizo zinazofanya kazi. Molekuli ya sumu ikipita karibu na ukuta huvutwa na kunata, na ndani ya kinyweleo chembamba huvutwa na kuta za pande zote kwa pamoja, ndiyo maana vinyweleo vidogo hushika kwa nguvu kuliko vikubwa.

Wataalamu wamevigawa kwa upana. Vilivyo chini ya nanometa 2 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita) ni vile vidogo kabisa, vya kati ni nanometa 2 hadi 50, na zaidi ya hapo ni vikubwa. Mimi huwaambia vijana wangu kwamba vikubwa ni barabara na vidogo ni vyumba vya kulala. Mkaa wenye vyumba tu bila barabara hunasa polepole mno. Wenye barabara tu bila vyumba haulazi mgeni hata mmoja. Hii ndiyo sababu mkaa wa kawaida wa kupikia, hata ukiutwanga vizuri namna gani, haufai kwa kazi hii. Vinyweleo vyake ni vichache, na vingi vimezibwa na lami iliyobaki wakati kuni zilipochomwa. Kuuamilisha ni kuupitisha kwenye mvuke wa maji wa moto wa karibu nyuzi 800 hadi 1,000, au kutumia kemikali kama asidi ya fosforiki, mpaka vyumba vifunguke.

Kunata huku mara nyingi ni kwepesi. Hakuna kilichovunjika wala kuungana. Molekuli iliyoingia ikiwa tolueni, kiyeyusho cha rangi, inabaki tolueni, na joto likipanda, au hewa safi ikipita muda mrefu, itatoka vilevile ilivyoingia.

Kabla ya kushika ndoo

Jua kwanza kilichomwagika ni nini. Usikisie kwa rangi, wala usiiname kunusa. Soma lebo ya chupa iliyovunjika, muulize aliyekuwa akiitumia, fungua karatasi ya usalama ya kemikali hiyo. Kama hakuna anayejua, watu watoke, mlango ufungwe, na wenye vifaa waitwe. Fanya vivyo hivyo kama kimiminika kinachotoa mvuke mkali ni kingi kuliko uwezo wako. Kipimo changu mimi ni lita moja nikiwa na barakoa ya gesi na mwenzangu mmoja mlangoni. Kikizidi hapo, au kukiwa na mtu anayekohoa, sijifanyi shujaa.

Ndoo yangu ya dharura ni ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza. Ndani yake mna mifuko ya vermikulaiti (madini mepesi yenye tabaka tabaka), mfuko wa sodiamu baikaboneti, mfuko wa asidi ya sitriki, kopo la mkaa amilifu wa unga, kopo la kalsiamu kaboneti, karatasi za pH (za kupima asidi na alkali; 7 ni katikati), koleo ndogo ya plastiki, brashi, glavu za nitrili na za butili (aina mbili za mpira), miwani ya kinga, mifuko minene, kalamu ya wino usiofutika. Kalamu ndiyo huibwa kila mara. Nimeifunga kwa uzi.

Kimiminika kikiwa sakafuni

Vermikulaiti, udongo wa bentonaiti na udongo wa diatomu hufyonza kimiminika kama sifongo inavyofyonza maji. Kinaingia kati ya tabaka na kwenye matundu, kinashikwa, hakitiririki tena. Anza kwa kukizungushia ukingo: mwaga kifyonzaji chako kwenye mzunguko wa nje, kisha songa kuelekea katikati. Ukianza katikati, unakisukuma kikimbilie chini ya makabati, na huko utakitafuta wiki nzima. Acha dakika chache, kusanya kwa koleo, mwaga mara ya pili kiasi kidogo pale penye unyevu.

Sasa sikiliza jambo linalowashangaza wengi. Ukimwaga vermikulaiti juu ya asetoni au heksani, mvuke unaweza kuongezeka badala ya kupungua. Kimiminika kilichokuwa dimbwi moja tambarare sasa kimetandazwa juu ya maelfu ya vijiti na vijitabaka, na kila kimoja kinapumua. Sakafu inaonekana kavu, lakini hewa juu yake ni hatari zaidi, na cheche moja ya swichi inatosha kuleta moto. Kwa viyeyusho, basi, changanya mkaa amilifu. Mimi huweka sehemu moja ya mkaa kwa sehemu tatu za vermikulaiti, naukoroga taratibu kwa koleo ya plastiki mpaka harufu ipungue. Vermikulaiti inazuia kimiminika kisitiririke, na mkaa unazuia mvuke usipande.

Kuna mambo matatu ambayo sitaki uyajifunze kwa uchungu.

Asidi ya nitriki kali, haidrojeni peroksaidi kali na vioksidishaji vingine, yaani kemikali zinazochochea moto, usivifute kwa kitu kilichotokana na mmea: si vumbi la mbao, si karatasi, si pamba. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa pili kazini, nilifuta nitriki kidogo kwa karatasi laini za mezani nikazitupa kwenye ndoo ya taka. Nilikuwa nimegeuka kuosha mikono niliposikia mfuko wa plastiki ukichakacha peke yake. Ulikuwa unasinyaa kwa joto. Moshi wa rangi ya kahawia nyekundu ukaanza kupanda, mzito, ukijipinda juu ya mdomo wa ndoo kama kitu kisicho na haraka. Huo ni naitrojeni dayoksaidi. Uovu wake ni kwamba unaweza kuuvuta, ukajisikia mzima, kisha mapafu yakajaa maji saa kadhaa baadaye, usiku, ukiwa umelala. Nilitoka mbio, nikawekwa chini ya uangalizi mpaka asubuhi. Nilipona. Tangu siku hiyo nitriki kwangu hufyonzwa na vermikulaiti peke yake, baada ya kuuliwa makali kwa baikaboneti.

La pili ni asidi ya hidrofloriki. Hii inakula silika. Mchanga, vermikulaiti, udongo wa diatomu, silika jeli, vyote vina silika ndani yake, na asidi hii ikivigusa hutengeneza gesi ya silikoni tetrafloraidi, ambayo nayo ni sumu. Yaani kile ulichoshika ili kikulinde kinageuka kuwa chanzo kipya cha sumu. Tumia kalsiamu kaboneti au kalsiamu haidroksaidi. Floraidi itakamatwa na kalsiamu na kugeuka kalsiamu floraidi, chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi. Hapo umeua kweli. Na kama pale mezani hakuna jeli ya kalsiamu glukoneti ya kupaka ngozini, chupa ya hidrofloriki isifunguliwe kabisa.

La tatu, mkaa amilifu na peroksaidi kali havikai chumba kimoja. Mkaa huivunja peroksaidi kwa kasi, oksijeni inatoka, joto linapanda, na mkaa wenyewe ni kuni.

Kuua makali kwanza, kufyonza baadaye

Kwa asidi na alkali utaratibu wangu ni kuua kwanza. Sababu ni ya vitendo: asidi ikishaingia ndani ya punje za vermikulaiti, unga wa baikaboneti utakaomwaga juu hautaifikia yote. Nje pH itasoma 7, ndani ya punje asidi inakungoja.

Nyunyiza baikaboneti kuanzia ukingoni, kidogo kidogo. Itatoa povu, hiyo ni kaboni dayoksaidi. Ngoja povu lilale, nyunyiza tena, koroga, nyunyiza. Povu likikoma kabisa hata baada ya kukoroga, lowesha kidogo kwa maji na uguse kwa karatasi ya pH sehemu tatu tofauti. Mimi naridhika kati ya 6 na 9. Kisha ndipo vermikulaiti inaingia kukausha tope.

Watu hudharau kiasi kinachohitajika, basi tupige hesabu pamoja. Asidi ya hidrokloriki ya asilimia 37 ina karibu moli 12 kwa lita (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabu molekuli). Moli moja ya baikaboneti ina uzito wa gramu 84. Kumi na mbili mara 84 ni gramu 1,008. Yaani lita moja ya asidi hiyo inakula kilo nzima ya baikaboneti. Asidi ya salfuriki ya asilimia 98 ina moli 18 kwa lita, na kila molekuli yake ina asidi maradufu, kwa hiyo inataka moli 36 za baikaboneti: kilo 3 na ushee. Nenda sasa ukapime mfuko ulio kwenye ndoo yako ya dharura. Nimeshaona stoo yenye lita 10 za salfuriki rafuni na gramu 500 za baikaboneti kwenye ndoo, na mwenye stoo akawa anajivunia ndoo yake.

Usitumie sodiamu haidroksaidi kuua asidi iliyomwagika. Joto lake ni kali, tope linaweza kuruka, na ukizidisha umebadilisha asidi kwa alkali inayochoma vilevile. Kwa alkali iliyomwagika, asidi ya sitriki ya unga inafaa kwa sababu ni dhaifu na haikimbii. Dawa ya kupausha yenye klorini usiiguse kwa asidi yoyote, hata sitriki, maana itatoa gesi ya klorini. Wala usiichanganye na amonia. Yenyewe huuawa kwa sodiamu thiosalfeti.

Hewa unayovuta

Mnamo tarehe 22 Aprili 1915 gesi ya klorini ilifunguliwa kwa wanajeshi karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji. Mwaka huohuo mkemia wa Urusi Nikolay Zelinsky alitengeneza barakoa ya gesi iliyotegemea mkaa amilifu. Kichujio cha barakoa unayoivaa leo ni mjukuu wa kile. Kopo lina punje zilizobanwa, hewa inapita katikati, sumu inabaki ukutani mwa vinyweleo.

Mkaa mtupu hupenda molekuli kubwa, nzito, zinazochemka kwenye joto la juu: tolueni, zaileni, dawa nyingi za wadudu. Haujali kabisa kaboni monoksaidi wala methani. Amonia huipa nafasi kidogo tu, na methanoli vilevile. Ndiyo maana watengenezaji huupaka mkaa chumvi za metali. Shaba, zinki, fedha na molibdenamu zikiwa ndani ya vinyweleo hufanya kile ambacho ukuta mtupu hauwezi: hukutana na sianidi ya haidrojeni na gesi za asidi, zikaingia nazo kwenye mmenyuko na kuzifunga zisirudi. Kwa kaboni monoksaidi kuna mchanganyiko uitwao hopkalaiti, wa manganizi dayoksaidi na oksidi ya shaba, unaoigeuza kuwa kaboni dayoksaidi. Unyevu huuharibu, ndiyo sababu hutanguliwa na tabaka la kukausha hewa.

Kwa hiyo soma rangi na herufi zilizo kwenye kichujio. Katika mfumo wa Ulaya kahawia yenye herufi A ni ya mvuke wa viyeyusho vinavyochemka juu ya nyuzi 65. Kijivu B ni ya gesi kama klorini. Njano E ni ya salfa dayoksaidi. Kijani K ni ya amonia. Katika mfumo wa Marekani mvuke wa viyeyusho una rangi nyeusi, kwa hiyo usikariri rangi bila kujua kopo lako linafuata mfumo upi. Na kichujio chochote hakitengenezi oksijeni. Mahali ambapo oksijeni iko chini ya asilimia 19.5, kichujio ni pambo.

Nikuonyeshe kilichonifundisha habari ya kunasa na kuachia. Ijumaa moja tulitumia asetoni kwa saa mbili, tukamaliza, tukatundika barakoa msumarini vichujio vikiwa wazi. Jumatatu kijana mmoja akaichukua aende kuhesabu chupa kwenye chumba safi kabisa. Akavuta pumzi moja, akaivua. "Mwalimu, humu mna asetoni." Nikamwambia chumba hakijafunguliwa tangu juzi. Akanipa barakoa ninuse mwenyewe. Ni kweli: chumba kilikuwa safi, harufu ilikuwa inatoka kwenye kichujio. Kwa siku mbili molekuli zilizokaa upande wa nje wa tabaka zilikuwa zinahama, chumba hadi chumba, kuelekea upande wa ndani, upande wa pua. Asetoni inachemka kwenye nyuzi 56, ni mgeni asiyelala sana. Viyeyusho vya namna hiyo, vinavyochemka kwa nyuzi 65 au chini yake, vina kichujio chao chenye alama AX, na hicho ni cha kutumika mara moja kisha kutupwa, hata kama ulikitumia dakika kumi.

Hivyo, utaratibu: andika tarehe na saa juu ya kichujio kwa kalamu siku unapokifungua. Ukimaliza kazi, kitie kwenye mfuko usiopitisha hewa. Usitegemee harufu ikuambie kimejaa. Haidrojeni salfaidi kwa mfano hulemaza pua, ukadhani hewa imesafika wakati ndiyo imechafuka zaidi. Weka ratiba ya kubadilisha na uifuate. Punguza muda kama kazi ni ya nguvu, kwa sababu anayevuta hewa mara mbili anakijaza mara mbili upesi, na uupunguze hadi nusu kama unyevu hewani umezidi asilimia 85, kwa kuwa maji yanagombea vyumba vilevile.

Halafu kaa mbele ya kioo, ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi. Barakoa inatakiwa ibonyee na kubana usoni. Kama hewa inapenya kwenye ndevu, mkaa wote ule wa mita za mraba maelfu haukusaidii chochote. Nina mfanyakazi aliyekataa kunyoa kwa miezi mitatu. Nilimpa kazi za mezani miezi mitatu.

Kwa chumba chenye fomalini (maji yenye fomaldehaidi), mkaa mtupu haushiki vizuri fomaldehaidi. Huko mimi hutumia punje za alumina (oksidi ya alumini) zilizoloweshwa potasiamu pamanganeti. Zina rangi ya zambarau. Fomaldehaidi ikiingia huoksidishwa, inavunjwa humohumo, na punje inageuka kahawia. Napenda sana kifaa hiki kwa sababu kinasema ukweli kwa macho: ukiona kahawia imepanda hadi theluthi mbili ya safu, agiza nyingine.

Zeoliti na zebaki

Mwaka 1756 Axel Cronstedt wa Uswidi alichoma jiwe fulani likatoa maji kana kwamba linachemka, akaliita zeoliti kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe linalochemka. Tofauti na mkaa, vinyweleo vya zeoliti vina kipimo kimoja, kwa kuwa ni sehemu ya fuwele yenyewe. Aina ya 3A ina milango ya nanometa 0.3: maji yanapita, ethanoli inabaki nje. Ndiyo maana hukausha viyeyusho bila kuvila. Ukishaijaza maji, ichome kwenye tanuri nyuzi 250 hadi 300 kwa saa kadhaa, irudi kazini. Lakini usitie tanurini zeoliti iliyonyonya kiyeyusho kinachowaka; iache ipumue kwanza ndani ya kabati la kuvuta mvuke.

Zeoliti pia hubadilishana ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Inatoa sodiamu yake, inachukua seziamu au amoniamu iliyo majini. Baada ya ajali ya Fukushima mwaka 2011 zeoliti zilitumika kunasa seziamu yenye mionzi kwenye maji. Hapo ni kunasa kutupu, maana hakuna kemia inayoweza kuiua mionzi. Zeoliti yenyewe ndiyo inageuka kuwa taka ya kulindwa. Na maji ya chumvi hupunguza uwezo wake, kwa sababu sodiamu iliyojaa majini inarudi kudai viti vyake.

Zebaki iliyomwagika kusanya matone kwa bomba la sindano au kwa kadi mbili, kamwe usitumie mashine ya kufyonza vumbi, itaipulizia chumba kizima kama mvuke. Kwa mabaki yasiyoonekana tumia mkaa uliotiwa salfa. Salfa na zebaki huungana kuwa zebaki salfaidi, isiyotoa mvuke wa kutisha. Pitisha tochi chini chini, sambamba na sakafu. Matone yaliyojificha yatang'aa.

Fuwele mpya zinazonasa na kuua

Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya kemia ilienda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa kutengeneza MOF, yaani fremu ambazo vifundo vyake ni metali na vijiti vyake ni molekuli za kaboni. Fikiria jukwaa la waashi: vifundo vya chuma, fito ndefu, na kati yake uwazi mtupu. Ukichagua fito ndefu, vyumba vinakuwa vikubwa. Baadhi zina zaidi ya mita za mraba 7,000 kwa gramu, uwanja mzima wa mpira ndani ya gramu moja.

Za mwanzo zilikuwa dhaifu. MOF-5, ya mwaka 1999, husambaratika kwenye hewa yenye unyevu. Mwaka 2008 kule Oslo ilitoka UiO-66 yenye vifundo vya zirkoniamu, nayo huvumilia maji na joto. Baadaye ikaja NU-1000, pia ya zirkoniamu, na hii ndiyo iliyonifanya nianze kufuatilia. Vifundo vyake havijazungukwa na fito pande zote. Vina nafasi wazi. Molekuli ya sumu ya neva, zile zenye fosforasi na florini, ikiingia chumbani hukamatwa na zirkoniamu, maji yaliyo karibu yanaishambulia, na kifungo cha fosforasi na florini kinakatika. Ndani ya maji yenye alkali kidogo, nusu ya sumu huvunjwa kwa dakika chache. Alkali hiyo ina kazi yake: bila hiyo, asidi inayozaliwa hung'ang'ania zirkoniamu na kuzuia molekuli inayofuata.

Ukipewa sampuli ya MOF kwenye maabara yako, usidhani iko tayari. Mara nyingi vyumba vyake bado vimejaa kiyeyusho kilichotumika kuitengenezea. Ibadilishie kiyeyusho kwa kingine chepesi mara kadhaa kwa siku mbili tatu, kisha ipashe joto chini ya ombwe kwa saa nyingi kadiri mtengenezaji alivyoelekeza. Pima uzito kabla na baada. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza unga ulipoteza karibu theluthi ya uzito wake, na nikaelewa kwa nini majaribio ya wiki iliyotangulia hayakunasa kitu. Vaa barakoa ya vumbi wakati wa kuushika. Ni unga mwepesi mno na una metali.

Kilichobaki kwenye mfuko

Mkaa ulioshiba benzini ni benzini. Uchukulie hivyo. Ukiwa umenasa ketoni nyingi, kama sikloheksanoni, unaweza kujipasha joto wenyewe mpaka ukawaka, hasa ukirundikwa kwa wingi mahali pasipo na hewa. Gawanya kwenye mifuko midogo, weka mbali na vioksidishaji, na asubuhi inayofuata gusa upande wa nje wa ndoo kwa mgongo wa mkono. Na kama kazi yako inakupeleka kwenye matangi makubwa ya mkaa, kumbuka kwamba mkaa wenye unyevu hunyonya oksijeni ya hewa. Watu wamepoteza maisha kwa kuingia kwenye tangi lililoonekana safi. Pima oksijeni kabla kichwa hakijapita mlangoni.

Tope la baikaboneti usilikazie mfuniko siku hiyohiyo. Gesi bado inatoka polepole, na ndoo iliyokazwa itavimba. Iache ndani ya kabati la kuvuta mvuke usiku mmoja, ipime pH tena asubuhi, ndipo uikaze.

Kwenye lebo ya mfuko mimi huandika jina la kemikali kwa ukamilifu, kitu kilichoifyonza, kiasi cha vyote viwili, tarehe, saa, jina langu. Kisha mstari wa mwisho huandika kwa herufi kubwa neno moja kati ya mawili: IMENASWA au IMEUAWA. Mwenye gari la taka akifika, mifuko ya neno la kwanza hupakiwa kando, naye hunisainia idadi yake kabla hajawasha gari.